Mikato Mitatu Chini ya Kishikio

Machi 16

Kamba ikakatika kabla Dereva hajamaliza kusema "shikilia," sanduku likashuka kutoka kwenye lori, pembe kwanza, likapasuka mbele ya miguu yangu. Sikuruka. Mimi nikishtuka huwa naganda. Nikabaki nimesimama na randa mkononi, naangalia vilivyomwagika.

Havikuwa vipuri vya pampu. Tangu wiki ya kwanza tunaambiwa vipuri vya pampu za kumwagilia mashamba, na mimi nilishaanza kujiuliza hayo mashamba yako wapi, maana pampu zinakwenda kila siku na hatujasikia mahali palipoota hata jani. Yalikuwa makombora. Manene kama mkono wa mtu mzima, kila moja limefungwa karatasi ya nta kama sabuni ya dukani. Moja likabiringika mpaka kwa Fundi. Akalizuia kwa kiatu, taratibu, kama mtu anayezuia mpira wa mtoto.

Tajiri akatoka ofisini bila mwavuli.

"Mmeona nini?"

Dereva akaanza kukunja kamba iliyokatika.

"Nauliza, mmeona nini?"

"Vipuri, bosi," Dereva akasema. "Pampu zenyewe naona ni kali."

Watu wakacheka, kile kicheko cha woga. Tajiri akanigeukia. "Na wewe, Bubu?"

Nikatikisa kichwa.

"Huyu ndiye mfanyakazi wangu. Mngekuwa wote kama huyu, nisingeweka hata mlinzi."

Naandika haya, Kaka, kwa sababu uliniambia niandike. Siku unaondoka kwenda kivukoni na wanajeshi wenzako ulinipa daftari hili ukasema, "Wewe mdomo wako umefungwa kwa ndani. Basi andika. Mvua zikiisha tutabadilishwa zamu, nitarudi, nitasoma yote." Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko utanisamehe.


Machi 17

Mvua. Masanduku ishirini na mawili. Bega linauma.


Machi 19

Uliwahi kuniuliza kazi yetu hasa ni nini nikashindwa kueleza. Kwa mkono naweza.

Kazi yetu ni kufuta. Sanduku linakuja jipya, mbao nyeupe, ubavuni limepigwa chapa nyeusi: jina la kiwanda, jina la nchi, namba. Tunapitisha randa mpaka herufi zinageuka maranda. Tunapiga msasa, tunaziba matundu, tunapaka rangi ya kijivu. Bawaba iliyolegea tunafungua kifuniko tunaikaza. Mwisho tunapitisha lami kwenye maungio ili maji yasiingie. Likitoka hapo halina baba wala mama.

Ila Fundi ana sharti lake ambalo Tajiri halijui. Kila mtu anaweka alama kwenye sanduku alilolimaliza, chini ya kishikio, mahali ambapo kidole kinapita lakini jicho halifiki. Anasema kazi ambayo haikujui unaifanya ovyo. Ya kwake ni nusu duara. Yangu ni mikato mitatu ya patasi, wa katikati mrefu. Fundi aliniuliza maana yake nikanyamaza. Ni Mama, wewe na mimi. Mrefu ni wewe.

Huyu Fundi, Kaka, nampenda. Hanipigii kelele. Akitaka kunifundisha kitu ananishika mkono na kuusogeza pale unapotakiwa kuwa.


Machi 22

Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna, tukajibanza kibandani kwa Mzee Sikio. Ndiye mlinzi wetu. Sikio lake moja liliondoka kwenye vita vya zamani, jina likabaki.

Dereva alikuwa anamchokoza. "Mzee, vita vyenu na hivi vyetu, vipi vilikuwa vitamu?"

"Usinilinganishie. Vita vyetu vilikuwa na mwenyewe. Vilitangazwa redioni saa mbili asubuhi, nimekaa nanyoa ndevu. Nikajua leo vimeanza. Adui alikuwa na bendera yake, sare yake, mpaka wake. Ukimpiga anajua nani kampiga. Na siku ya kuisha wakubwa wakakaa mezani, wakatia saini, sisi tukapewa chai tukaenda makwetu."

"Na sikio?"

"Sikio nililiacha lilinde mpaka."

Tulicheka mpaka kibanda kikatikisika. Yeye hakucheka. "Hivi vya sasa nani alivitangaza? Nitajie. Na nani atatia saini? Hao watoto wa ng'ambo ya mto hata kalamu hawana."

Hapa mjini, unajua mwenyewe, hakuna anayetaja majina ya yale mataifa makubwa mawili. Linaloisaidia serikali tunaliita Mjomba. Linalowasaidia watu wa ng'ambo tunaliita Baba Mdogo. Basi redio ya Mzee ikasema Mjomba na Baba Mdogo wamekutana jana, wamepeana mikono, wamekubaliana kuuziana ngano na ndege za abiria. Wakala pamoja. Ikatajwa mpaka rangi ya maua ya mezani.

Nikauliza, "Sasa wanagombania wapi?"

Wote wakanigeukia. Dereva akashika kichwa. "Jamani, Bubu kaongea! Mvua haitakatika mwaka huu."

Mzee Sikio akakanyaga sakafu mara mbili kwa kisigino. "Hapa. Kwao hawagombani. Kwao kuna mazulia."


Machi 23

Mvua. Rangi haikauki.


Machi 27

Barua yako imefika. Shemeji ameisoma kwa sauti, mguu uko kwenye cherehani, hasimamishi kushona. Anashona mikono ya mashati tu. Miili inashonwa kwingine. Pale ulipoanza kumwandikia mambo yenu akanikazia macho. "Shemeji Bubu, ziba masikio. Haya si ya rika lako." Mama akacheka. Mama hacheki siku hizi, kwa hiyo nakuandikia kwamba alicheka.

Unasema wa ng'ambo wameishiwa. Wanawarushia matusi tu, na nyie mnawarudishia. Unasema yuko mmoja wao anaimba jioni, sauti inavuka maji, na juzi alipokosea mkamzomea akarudia mwanzo. Unasema mto ukizidi kujaa hakuna wa kuvuka huku wala kule mpaka mvua zikatike, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi.

Mama akaikunja barua akaiweka ndani ya mto wa kulalia. Akasema, "Mungu aizidishe mvua."

Sijawahi kumsikia mtu akiombea matope.


Machi 30

Malori mawili. Moja limetoka lango la mbele, moja la nyuma. Tajiri anasema ni kwa ajili ya matope. Barabara ya nyuma ndiyo yenye matope. Sikuuliza.


Aprili 2

Leo nimepata tena, kama wiki iliyopita, masanduku yenye herufi nyingine kabisa. Zimeinama zote upande mmoja kama watu wanaosukuma gari bovu. Sikuweza kusoma hata moja. Nikamwonyesha Fundi.

"Mbao ni mbao," akasema. Akaangalia pembeni.

Nilipitisha randa. Maranda ya herufi zile yakaangukia juu ya maranda ya herufi za zamani. Yakifika chini yanafanana. Nikayafagia kwenye gunia moja.


Aprili 3

Mvua.


Aprili 4

Mvua. Paa linavuja juu ya cherehani. Shemeji amefunga turubai, anasema sasa anashonea baharini.


Aprili 8

Kaka, leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Dereva alifika saa nne na kifurushi chako. Alikipokea kwa dereva mwenzake aliyetoka kivukoni. Ndani ubao, umefungwa kwa gunia, na barua fupi. Tuliisoma nyumbani saa ya chakula.

Unasema wa ng'ambo wamepata makombora. Unasema yalianza kuanguka siku nne mfululizo, na yule mwenzako mliyekuwa mnalala mgongo kwa mgongo hayupo tena, na yule mpishi aliyekuwa anawapikia hayupo. Unasema kikosi chenu kilivuka kwa mtumbwi alfajiri moja, mto ulipotulia kidogo, mkakuta shimo lao limeachwa, na ndani yake masanduku matupu. "Mbao nzuri mno," umeandika. "Nikaona haya kuzichoma zote. Nampelekea mdogo wangu kipande kimoja amtengenezee Mama kigoda, maana kile cha zamani kimevunjika mguu."

Shemeji akalia kwa ajili ya huyo mwenzako, maana alikuwa anamsalimia kwenye kila barua. Mama akashika ubao, akaupapasa, akasema, "Ni laini."

Mimi nilikuwa nimeshauona. Rangi ya kijivu. Upande mmoja bado una kishikio cha kamba. Nikaingiza kidole chini ya kishikio.

Kabla sijagusa nilishajua, lakini kidole kikaendelea kwenda. Mfupi. Mrefu. Mfupi.

Nilitoka nje na ubao nikasimama kwenye mvua. Mama akaniita, "Utaugua, mwanangu," sikuitika. Nikawaza labda kuna mtu mwingine huko anayekata mikato mitatu. Nikawaza labda waliyateka kwenu. Lakini umesema nyie mna makombora yenu, hamjatekwa, hamjarudi nyuma hata hatua moja. Nikawaza malango mawili. Nikawaza herufi zilizoinama.

Nililifuta mimi, Kaka. Nilikaza bawaba. Nililiziba lami vizuri, maji yasiingie, yule mwenzako asikoswe.

Jioni nikamsubiri Dereva kwenye bomba la maji. Nilipanga maneno mengi, nikatoa moja. "Nyuma?"

Akanitazama, akadhani namtania. "Lango la nyuma? Si ndilo la Baba Mdogo? La mbele la Mjomba. Tajiri anahudumia ukoo mzima." Akanawa mikono. Kisha akaona uso wangu. "Bubu. We ulikuwa hujui?"


Aprili 9

Nimemwekea Fundi ubao kwenye meza yake ya kazi, umelala kifudifudi, mikato juu. Nikamwambia, "Kaka yangu yuko kivukoni."

Akapitisha kidole kwenye mikato. Akautoa vumbi ambalo halikuwepo.

"Unafikiri wa kwangu sijauona?" akasema. "Mwaka jana, kabla hujaja. Nusu duara. Aliniletea mjane mmoja, alitaka nimtengenezee kabati."

"Ukafanyaje?"

"Nikamtengenezea kabati."

Akaendelea kusema huku anapiga randa, hanitazami. Alisema mwanzoni alidhani mmoja wao anataka kushinda. Akawa anahesabu yanayotoka mbele na yanayotoka nyuma. Akaona mbele yakitoka saba, wiki inayofuata nyuma yanatoka manane. Nyuma yakitoka kumi, mbele kumi na moja. "Wangeweza kuleta elfu. Wanazo. Siku moja tu wakileta elfu upande mmoja, kesho yake yamekwisha, watu warudi makwao. Hawaleti. Wanaleta ya kutosha kuendelea. Ya kutosha kumaliza hawaleti, kijana wangu. Akizidisha huyu, mwenzake atakasirika kweli, na wakikasirikiana kweli itabidi wapigane wenyewe, kwenye mazulia yao. Ndiyo maana majina yanafutwa. Nani atamkasirikia nani kwa sanduku lisilo na jina?"

"Na wewe unafuta."

"Na mimi nafuta. Na wewe unafuta. Ukiacha kesho, Tajiri ataweka mwingine mchana."

Nilimwona mzee ghafla. Ile mikono niliyokuwa naipenda nikaiona inavyokwenda yenyewe, mbele nyuma, mbele nyuma, haimuulizi mwenye nayo. Nilimchukia, Kaka. Nikachukua randa yangu nikaendelea na kazi.


Aprili 10

Mvua. Sikumsalimia Fundi.


Aprili 11

Mzee Sikio anasafisha bunduki yake kibandani. Anasema risasi zake tatu zimelowa, anaomba Tajiri ampe nyingine. Dereva akamwambia aanike juani. "Jua gani? Na baruti ikishalowa ni tope tu. Unavuta, inasema 'ch', adui anakucheka. Kwenye vita vyetu wenzangu walikufa kwa sababu ya turubai lenye tundu. Si kwa risasi. Kwa tundu."

Alisema tu, kama anavyosema mambo yake yote. Mimi nikaenda kusimama kwenye safu ya masanduku ya lango la nyuma.


Aprili 12

Nimeanza.

Yanayokwenda lango la nyuma yanapangwa kwenye ukuta wa nyuma, yakiwa yameshapigwa randa, hayana herufi. Nikipewa hayo, nafungua kifuniko kama nakaza bawaba, nachana karatasi za nta kwa ncha ya patasi, upande wa chini. Kisha lami naipaka juu na ubavuni. Maungio ya chini nayaacha wazi, napaka rangi tu. Kwa macho huwezi kujua. Lori halina turubai zuri, njia ya kuzunguka mpaka ng'ambo ni siku tatu, mvua ndiyo hii.

Leo manne.

Alama nimeweka. Nilitaka kuacha, nikashindwa. Nimewaza kwamba safari hii nikiweka mikato mitatu ni kweli ninakulinda.


Aprili 13

Matano. Mvua nzuri.


Aprili 14

Sita. Shemeji ameniuliza kwa nini napiga mluzi. "Umepata mchumba, shemeji? Anaongea yeye basi, maana wawili mkiwa bubu watoto watafundishwa na nani?"


Aprili 16

Tajiri alileta mtu mwenye koti refu kukagua. Mtu yule akainama kwenye sanduku langu, akapitisha kidole juu, akapitisha ubavuni. Alipotaka kuligeuza, Fundi akaja na chombo cha rangi. "Samahani mkuu, hilo bichi, litakuharibia koti." Halikuwa bichi. Nililimaliza jana.

Mtu akajifuta vidole akaenda zake.

Fundi hakuniangalia. Akarudi kwenye meza yake. Sasa sijui nimchukie kwa namna gani.


Aprili 19

Malori ya lango la nyuma yamekuwa makubwa, ya magurudumu kumi. Yanapita kwenye matope kama hayapo. Yote hayana namba, kama kawaida. Saba leo.


Aprili 21

Barua yako fupi. Unasema wa ng'ambo wanapiga kidogo kuliko mwanzo, mvua imewabana. Mama amesujudu. Mimi nikatoka nje nikacheka peke yangu, nikaziba mdomo kwa kiganja. Siku hiyo tu, Kaka. Nakuandikia ujue kwamba siku moja nilikuwa na furaha.

Kigoda cha Mama nimekimaliza. Mikato nimeigeuzia chini.


Aprili 24

Mvua nyembamba. Yameshafika arobaini na moja.


Aprili 26

Leo nimeamka nikasikia kitu kimepungua. Nilikaa kitandani nisijue ni nini. Ni bati. Bati limenyamaza.

Kazini watu walikuwa wameanika mashati. Mzee Sikio ametoa kiti nje. Redio yake inasema mto umeanza kushuka tangu jana, na kwamba pande zote mbili zinaombwa kujizuia. Wanaoomba ni Mjomba na Baba Mdogo.

"Siku mbili, tatu," Mzee akasema. "Kivuko kikishaonyesha mawe, wanaanza. Aliye tayari ndiye atakayebaki."

Niliona nipo sawa. Nilikuwa nawaza wale wa ng'ambo wakivuta, makombora yao yakisema "ch". Nikamfikiria kidogo yule anayeimba. Nikajilazimisha nisimfikirie.

Kisha Dereva akaja, anakula muwa, kakaa juu ya bampa. Akasema barabara ya nyuma ikikauka atashukuru, maana amechoka kuzunguka na mzigo wa ng'ambo kwa lango la mbele kama mwizi anayepita sebuleni.

Nikamtazama.

"Nini?" akasema. "Si tulibadilisha. Malori yetu haya madogo yalikuwa yanazama kule nyuma. Tajiri akaongea na watu wa jeshi, wao wana yale ya magurudumu kumi, matope si kitu kwao. Wakachukua lango la nyuma wao, wanazunguka wanatokea barabara ya kivukoni. Sisi tukapewa la mbele."

"Lini?"

"Tangu tarehe kumi hivi. Kumi, kumi na moja."

Mimi nilianza tarehe kumi na mbili.

Sikuanguka. Nilikaa chini pale pale kwenye matope, mkono umeshika gurudumu. Dereva akaita watu. Wakadhani nimeumwa. Hakuna kitu kwenye yale masanduku cha kuniambia, Kaka. Kama herufi zingekuwepo ningejua. Yangekuwa na jina la Mjomba ubavuni, ningesoma, darasa la nne linatosha. Lakini nilizifuta mwenyewe, nikasafisha vizuri, nikazifagia kwenye gunia moja.

Arobaini na moja. Yote yako kwenu. Unayalalia. Wale wa ng'ambo yao ni makavu, yamezibwa lami na Fundi na wenzangu, kazi safi. Na kama wanapiga kidogo siku hizi si kwa sababu yangu. Wanaweka akiba kwa ajili ya siku za jua.

Nilimwomba Dereva anipeleke. Nilisema maneno yote, moja baada ya jingine, kwa sauti. Akashtuka zaidi kwa sauti kuliko kwa maneno. "Lori langu linatoka keshokutwa, ndugu yangu. Tena kivukoni kwenyewe sifiki. Kwa mguu unaweza kufika siku mbili kama hulali sana. Lakini utawaambia nini? Kwamba ni wewe?"

Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu. Amesikia yote. Akanishika mkono, kama alivyokuwa ananifundisha randa, akanivuta mpaka kwenye meza yake. Akavua viatu vyake vya kazi, vile vyenye chuma puani, akaviweka juu ya maranda.

"Vyako haviwezi kufika," akasema. "Na ukifika, usiseme ni wewe. Sema ni Fundi wa karakana. Sema mikato ni alama yangu. Mimi wananijua nilipo, waje."

"Watakuua."

"Nimetengeneza kabati, kijana wangu." Akaokota randa. Mikono ikaanza tena, mbele nyuma, ila juu ya meza hapakuwa na ubao.

Sasa niko nyumbani. Shemeji nimemwambia nakuletea shati, akaniamini, amelikunja akatia na sindano yenye uzi, anasema vifungo vyako unavijua mwenyewe. Mama ameketi kwenye kigoda chake juani. Amekasirikia anga. Sijamwambia kwa nini nami nimeikasirikia.

Njiani kutoka kazini nilikuwa nahesabu jambo moja. Nikifika mapema, wakuu wenu wataomba masanduku mengine, wataletewa makavu, na yule anayeimba atakufa. Nikichelewa, wewe. Nikifika katikati, wote wawili. Na wiki inayofuata mbele yatatoka manane, nyuma tisa. Nimeigeuza kila upande kama ubao, haina upande mzuri. Lakini mimi nina kaka mmoja.

Daftari namwachia Shemeji chini ya cherehani. Ukirudi bila mimi, usome. Sehemu ya furaha ni tarehe ishirini na moja, ni fupi.

Nimefanya mazoezi ya kusema. Nimejifungia chumbani nikauambia ukuta: Masanduku yenye mikato mitatu yamelowa, msiyategemee, nisameheni. Maneno saba. Sijawahi kusema maneno saba mbele ya watu wasionijua. Sita yanatoka. La saba linakwama, nitalifanyia kazi njiani.

Viatu vya Fundi ni vikubwa, nimejaza maranda mbele. Naondoka sasa, Kaka, kwa sababu jua limetoka.